Kompyuta Inapokataa Sasisho: Swali la Ruhusa Katika Ofisi ya Chama

Rejesta ya wanachama, leja, hesabu ya kilo zilizopokelewa ghalani na orodha ya malipo ya wakulima ni mambo ambayo zamani yaliandikwa vitabuni na kufungiwa kabatini. Leo, katika vyama vingi vya msingi, mambo hayo yamo ndani ya kompyuta. Kitabu kilihitaji wino na mkono safi. Kompyuta inahitaji pia kwamba programu zake zifanyiwe marekebisho kila mara, na marekebisho hayo ndiyo yaitwayo masasisho. Hapo ndipo makatibu wengi wanapokutana na tatizo ambalo makala haya yanakusudia kulieleza: kompyuta inakataa kupokea sasisho, ikidai kwamba anayeitumia hana ruhusa.

Jibu hilo huudhi. Katibu amekabidhiwa ofisi na Bodi, ufunguo wa mlango anao, na kompyuta yenyewe ni mali ya chama. Iweje basi mashine imwambie hana ruhusa? Kutokana na kuudhika huko, watu hushika moja kati ya njia tatu. Wa kwanza huacha sasisho likae, msimu hata msimu. Wa pili humwita fundi, akampa neno la siri na kumwachia mashine. Wa tatu huondoa vizuizi vyote ili asisumbuliwe tena. Njia zote tatu ni hatari kwa mali ya wanachama.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba mashine inayokataa kwa namna hiyo haikuharibika. Kufuli lake linafanya kazi. Nalo kufuli la ofisi halivunjwi kwa sababu karani amechelewa. Hutafutwa mwenye ufunguo, ukafunguliwa mlango mmoja unaohusika, kisha ukafungwa tena. Yote yatakayoelezwa hapa chini yanatokana na kanuni hiyo.

Kwa nini sasisho lisiachwe

Programu hutungwa na watu, na kazi ya watu haikosi kasoro. Kasoro nyingine ni ndogo, kama vile jumla isiyopangika vizuri kwenye karatasi. Nyingine ni matundu ambayo mwizi anaweza kupenya. Tundu likigunduliwa, waliotunga programu hutoa sasisho la kuliziba. Tangu siku hiyo tundu hujulikana kwa wema na wabaya pia, na kila kompyuta isiyozibwa hubaki wazi mbele ya watu wanaojua mahali pa kuingilia.

Ushahidi wa jambo hili ni yaliyotokea mwaka 2017. Tarehe 14 Machi mwaka huo kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu katika Windows. Tarehe 12 Mei, yaani siku 59 baadaye, virusi vilivyoitwa WannaCry vilianza kuenea kwa kupitia tundu hilo hilo. Vilifunga mafaili ya watu na kudai fedha ili yafunguliwe. Kompyuta katika nchi zaidi ya 150 zilipatwa. Huko Uingereza hospitali kadhaa zililazimika kuahirisha matibabu na kuwaelekeza wagonjwa kwingine. Kompyuta zilizokuwa zimepokea sasisho la mwezi Machi hazikupenywa kwa tundu hilo. Dawa ilikuwapo kwa karibu miezi miwili. Waliokosa ni wale ambao sasisho halikuwafikia au walilichelewesha.

Jambo la pili la kukumbukwa ni umri wa mfumo wenyewe. Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Chama kinachotumia mifumo hiyo kinapaswa kujua kwamba ukimya wa kompyuta, yaani kutoletewa sasisho lolote, si dalili ya afya.

Asili ya ruhusa

Katika miaka ya 1960 kompyuta moja iliweza kujaza chumba, na watu wengi walilazimika kuishirikiana. Katika chuo cha MIT, huko Marekani, mfumo wa CTSS ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961 uliwawezesha watu kadhaa kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja. Maneno ya siri yalitumika humo ili kila mtu ayafikie mafaili yake tu. Baadaye mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969, uliweka utaratibu ambao ungali unatumika. Kila faili lina mwenyewe, lina kundi lake, na kuna watu wengine wote. Kwa kila mmoja wa hao watatu huamuliwa kama anaruhusiwa kulisoma, kuliandika au kuliendesha. Mwaka 1975 wataalamu wawili, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, walieleza kanuni iliyo msingi wa ulinzi wa kompyuta hadi leo: kila mtu na kila programu ipewe mamlaka yale tu ambayo kazi yake inayahitaji, yasizidi hapo.

Wanaushirika hawahitaji kufundishwa kanuni hiyo upya. Karani wa mizani hupima na kuandika stakabadhi, lakini hatii sahihi hundi. Mweka hazina hushika fedha, lakini hazikagui hesabu zake mwenyewe. Vyama vingi vina sefu isiyofunguka mpaka watu wawili wawepo. Hakuna anayeona utaratibu huo kuwa ni kumtukana karani au mweka hazina. Huwalinda wao pia, maana fedha zikipotea hujulikana nani hakuweza kuzifikia.

Kompyuta ndogo za mezani zilipokuja, kanuni hiyo iliwekwa kando kwa muda. Katika MS-DOS ya mwaka 1981, na hata katika Windows 95, yeyote aliyeketi mbele ya mashine aliweza kubadilisha chochote. Desturi ya kutumia kompyuta bila kuulizwa ilianzia huko, na watu wakaizoea. Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma mwezi Januari 2007, ndiyo iliyoleta ule utaratibu wa kioo kufifia na swali kutokea: je, unakubali programu hii ifanye mabadiliko katika kompyuta? Swali hilo ni sawa na mlinzi wa ghala anayeuliza hati kabla ya gunia kutoka.

Mbona jana ilifanya kazi?

Hili ndilo swali linaloulizwa mara nyingi. Programu ya hesabu imefunguka kila asubuhi kwa mwaka mzima, tena kwa akaunti ile ile. Kwa nini leo ikatae?

Jibu ni kwamba kuitumia programu na kuibadilisha ni kazi mbili tofauti. Katika Windows, programu nyingi hukaa katika folda iitwayo Program Files. Mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kusoma yaliyomo humo na kuyaendesha, lakini haruhusiwi kuandika humo. Kazi ya kila siku ya karani haigusi programu yenyewe. Huandika taarifa mahali pengine palipotengwa. Sasisho huja kufanya jambo jingine kabisa: kutoa mafaili ya zamani ya programu na kuweka mapya. Kazi hiyo ni ya msimamizi wa kompyuta. Mfano wake ni mwanachama anayeruhusiwa kuisoma katiba ya chama siku yoyote, lakini hawezi kukibadilisha kifungu chake mpaka mkutano mkuu uidhinishe.

Kabla ya kugusa chochote

Yako mambo manne ya kutangulia.

Kwanza, soma maneno yaliyotokea na uyaandike yote, pamoja na namba. Wengi hubonyeza kitufe cha kufunga kabla ya kusoma, kisha humwambia fundi kwamba "imekataa tu". Namba ya kosa ni kwa fundi kama kipimo cha damu kwa tabibu. Ukiweza, ipige picha kwa simu.

Pili, fanya nakala ya akiba ya leja na rejesta, uiweke katika kifaa kilicho nje ya kompyuta hiyo. Kisha fungua nakala hiyo uone kama kweli inasomeka. Nakala isiyowahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Tatu, hakikisha sasisho limetoka kwa wenye programu. Faili lililotumwa na mtu usiyemjua katika kundi la simu, au lililopatikana katika tovuti inayogawa bure programu za kuuzwa, lisipewe ruhusa hata kidogo. Kompyuta ikilikataa faili kama hilo, ishukuriwe.

Nne, angalia siku. Sasisho lisifanywe asubuhi ya malipo wakati wakulima wamejipanga mlangoni.

Namna sita za kukataliwa

Baada ya hayo, tafuta ni kukataliwa kwa namna gani. Maelezo haya yanahusu zaidi Windows, na yamepangwa kuanzia lililo jepesi kuchunguza.

(a) Akaunti haina mamlaka. Namba 1925 humaanisha kwamba anayeweka programu hana uwezo wa kuiwekea mashine nzima. Fungua sehemu ya mipangilio ihusuyo akaunti, utaona kama akaunti unayotumia ni ya kawaida au ni ya msimamizi. Ikiwa ni ya kawaida, mwite mwenye neno la siri la msimamizi aliandike yeye mwenyewe pale linapoulizwa. Ikumbukwe pia kwamba hata mwenye akaunti ya msimamizi huanza kazi akiwa na mamlaka pungufu, mpaka aombe yaliyo kamili. Kwa hiyo libofye faili la sasisho kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague amri ya kuliendesha kwa mamlaka ya msimamizi.

(b) Faili linatumika. Namba 0x80070020 au 1306 huonyesha kwamba faili linalotakiwa kubadilishwa limeshikwa na programu nyingine. Funga programu ya hesabu katika kompyuta hiyo, na kama taarifa hutumiwa kwa pamoja, ifungwe katika kompyuta zote za ofisi. Namba 1618 humaanisha kwamba kuna uwekaji mwingine wa programu unaoendelea, subiri uishe. Ikishindikana, tumia amri ya kuwasha upya. Kuizima kompyuta na kuiwasha tena hakutoshi siku zote, kwa sababu Windows ya siku hizi inapozimwa kwa kawaida huweza kuhifadhi sehemu ya hali yake na kuirudia inapowashwa.

(c) Folda ina mwenyewe mwingine. Namba 1303 na 0x80070005 huhusu mahali ambapo aliyeomba hakuruhusiwa kupafikia. Ikiwa umekwisha kutumia mamlaka ya msimamizi na bado unakataliwa, huenda folda hiyo ilimilikishwa akaunti ya mtu aliyekwisha kuondoka, au ruhusa zake zilivurugwa. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, kisha sehemu ya usalama, usome nani ameorodheshwa. Msimamizi aweza kurekebisha orodha hiyo. Lakini arekebishe folda hiyo moja, kwa akaunti zinazohusika tu.

(d) Kinga ya virusi imezuia. Tangu mwaka 2017 kinga iliyomo ndani ya Windows ina uwezo, ukiwashwa, wa kuzuia programu isiyojulikana isiandike katika folda zilizolindwa, kama ile ya nyaraka. Fungua kumbukumbu ya kinga uone kama programu yako imetajwa humo. Ikiwa imetajwa, na chanzo chake kimehakikishwa, iruhusu programu hiyo peke yake. Usiizime kinga nzima.

(e) Mamlaka yako kwingine. Namba 1625 humaanisha kwamba kuweka programu kumekatazwa na sera iliyowekwa. Hutokea katika kompyuta zinazoongozwa kutoka makao, mathalani zile zilizounganishwa na mtandao wa Chama Kikuu. Katibu asipoteze siku nzima akijaribu. Amwandikie afisa anayesimamia mtandao, akimtajia namba na jina la programu.

(f) Si ruhusa, ingawa inafanana. Namba 0x80070070 humaanisha kwamba diski imejaa. Kadi ya kumbukumbu yenye kitufe kidogo ubavuni huweza kuwa imefungwa isiandikwe. Mambo haya huonekana kama kunyimwa ruhusa, kumbe dawa yake ni kupunguza mafaili yasiyohitajika au kusogeza kitufe.

Wale wanaotumia mfumo wa Linux, kama Ubuntu, hawataziona namba hizi, lakini sababu ni zile zile. Mtumiaji aliyeruhusiwa kufanya hivyo hutanguliza neno sudo kabla ya amri ili aazimwe mamlaka kwa kazi hiyo, naye huulizwa neno lake la siri. Ikiwa mfumo unadai kwamba kuna kufuli katika hifadhi ya programu, aghalabu ni sasisho jingine linaloendelea. Lisubiriwe, wala faili la kufuli lisifutwe kwa haraka. Na amri ya chmod 777, ambayo wengi hushauriwa kuitumia, humpa kila mtu ruhusa zote juu ya faili. Huo si utatuzi.

Hatari ya leja mbili

Jambo hili lahitaji maelezo ya peke yake, maana huwatia watu wasiwasi na hata kuzua shutuma. Baadhi ya programu za zamani zilitungwa zikiandika leja ndani ya folda ile ile ya programu, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida sasa haruhusiwi kuandika. Ili programu hizo zisikwame, Windows tangu Vista huweza kuyachukua maandishi hayo na kuyaweka kimya kimya katika folda ya siri ya mtumiaji mwenyewe, iitwayo VirtualStore. Karani huona kazi yake imehifadhiwa, na ni kweli imehifadhiwa, lakini si mahali anapopadhania.

Tuchukue mfano wa chama kinachonunua kahawa. Karani ameingiza mapokezi ya wiki sita kwa akaunti yake ya kawaida. Sasisho linakataa, naye Katibu anaifungua programu kwa mamlaka ya msimamizi. Programu sasa inasoma folda halisi, na leja inaonekana kama ilivyokuwa kabla ya wiki hizo sita. Kilo za wakulima zimetoweka machoni. Mtu asiyejua atasema karani hakuandika, au atasema sasisho limefuta. Kumbe maandishi yapo katika folda ya VirtualStore ndani ya akaunti ya karani.

Katika hali kama hiyo, kazi yote isimamishwe. Asiingize mtu hata mstari mmoja, kwa sababu kila mstari mpya huzidi kuzitenganisha leja hizo mbili. Nakala ya folda zote mbili ifanywe, kisha mwenye programu aitwe azilinganishe na kuihamishia leja mahali panapostahili. Stakabadhi za karatasi zilizotolewa mizanini ndizo zitakazothibitisha kwamba kila kilo imerudi. Kwa hiyo chama chenye kompyuta kisidharau bado vitabu vya stakabadhi.

Dawa zilizo mbaya kuliko ugonjwa

Zipo njia za mkato ambazo huondoa usumbufu wa leo na kuacha mlango wazi kwa kesho. Ya kwanza ni kuzima lile swali la ruhusa. Ya pili ni karani kufanya kazi zote, pamoja na kusoma barua za intaneti, akiwa katika akaunti ya msimamizi. Ya tatu ni kumpa kila mtu mamlaka kamili juu ya diski nzima. Ya nne ni kubandika neno la siri ukutani.

Sababu ya kuzikataa ni hii. Programu ovu inapofunguliwa hurithi mamlaka ya mtu aliyeifungua. Karani wa kawaida akifungua kwa bahati mbaya barua yenye virusi, madhara huishia zaidi katika yale ambayo yeye mwenyewe aliruhusiwa kuyaandika. Madhara hayo si madogo, maana leja anayoiandika inaweza kuwamo, na ndiyo sababu ya nakala ya akiba. Lakini akiifungua barua hiyo akiwa msimamizi, virusi vitaweza kuizima kinga, kuharibu mfumo mzima na kuyagusa mafaili ya watumiaji wote.

Kuhusu fundi, si kosa kumwita. Kosa ni kumwachia ufunguo. Mwenye neno la siri akae naye, aliandike yeye, aangalie kinachofanyika, na kama ililazimu kulitamka, libadilishwe siku ile ile.

Mambo ya kuamuliwa na Bodi

Hadi hapa tumezungumza kazi ya Katibu na fundi. Lakini swali la nani ashike mamlaka ya msimamizi si la ufundi. Anayeyashika aweza kufuta leja, kubadilisha tarehe na kufungua akaunti za watumiaji wengine. Uwezo huo ni mkubwa kuliko ule wa mwenye ufunguo wa sefu, na haifai ukae mikononi mwa mtu kwa sababu tu ndiye aliyeifungua kompyuta siku iliponunuliwa. Bodi inashauriwa kuamua yafuatayo na kuyaingiza katika kumbukumbu za kikao.

Kila mtumishi awe na akaunti yake ya kawaida kwa kazi za kila siku, na akaunti ya msimamizi iwe ya peke yake, itumike kwa masasisho na matengenezo tu.

Neno la siri la msimamizi liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi juu ya mfuniko na watu wawili, kisha bahasha iwekwe katika sefu. Mshika neno hilo akiugua au akisafiri, chama hakitakwama katikati ya msimu. Bahasha ikifunguliwa, neno libadilishwe na bahasha mpya itengenezwe.

Katibu anapoondoka, hati ya makabidhiano itaje pia akaunti za kompyuta, maneno ya siri, leseni za programu na mahali nakala za akiba zilipo. Akaunti yake ifungwe, ila isifutwe kabla ya kuhakikisha kwamba hakuna programu wala leja iliyomo ndani yake. Matatizo ya kifungu (c) mara nyingi huanzia katika makabidhiano yaliyofanywa kwa mdomo.

Liwepo daftari la masasisho lenye safu za tarehe, jina la programu, toleo lake, aliyelifanya, namba ya kosa kama ipo, na matokeo. Daftari hilo litamsaidia fundi, na mkaguzi wa hesabu atakapouliza kwa nini leja ilibadilika sura tarehe fulani, jibu litakuwapo.

Itengwe siku maalumu ya masasisho, kwa mfano mara moja kila mwezi, nje ya siku za malipo. Sasisho la hatari linaloziba tundu lililokwisha kujulikana lisisubiri siku hiyo. Chama chenye kompyuta zaidi ya moja kijaribu kwanza katika moja.

Kwa upande wa Tanzania, jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde zisipotee, zisiharibiwe wala zisifikiwe na asiyeruhusiwa. Rejesta ya wanachama, yenye majina, namba za simu na akaunti za benki, ni taarifa za namna hiyo.

Wanachama nao wana sehemu yao. Mkulima aliyeleta gunia lake mizanini hahitaji kujua maana ya namba 1303. Lakini ana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu maswali matatu: ni nani anayeshika ufunguo wa kompyuta yetu, nakala ya leja iko wapi, na ni lini mara ya mwisho ilifunguliwa ikasomeka. Bodi iliyokwisha kuyaamua yaliyoelezwa hapa itayajibu kwa dakika mbili. Bodi isiyoweza kuyajibu imejua mahali pa kuanzia kazi.

Makatibu wanaombwa kuyasoma makala haya mbele ya Bodi zao kabla ya msimu wa ununuzi kufunguliwa, wakati ambapo ofisi ina nafasi na ghala bado ni tupu.